Siku Tisa za Tamlalt

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, uliyeacha meza yako na kupanda milima hii tangu asubuhi, Mzee Assou, mkuu wa baraza letu, Fakihi wa msikiti wetu, mabwana na mabibi wa ofisi ya kilimo, mliotoka mjini na viatu ambavyo naona sasa mnajuta kuvivaa, wazee wa koo tatu, Ait Usammer wa upande wa jua, Ait Umalu wa upande wa kivuli na Ait Ufella wa juu, akina mama wa chama cha siagi na asali, vijana, wageni waalikwa, na ninyi kondoo elfu tatu mnaolia pale ukutani, ambao ndio wenye shughuli hii hasa: amani iwe juu yenu nyote.

Mzee Assou ameninong'oneza kwamba nina dakika tano. Nimekuwa mlinzi wa malisho haya ya Tamlalt miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikigawanya, kila mwaka umepata sekunde chache tu, na miaka mingine ilikuwa mirefu sana. Naomba nizidishe kidogo. Mtu anayeagwa husamehewa mengi, na mimi leo nitahitaji msamaha kuliko mnavyodhani.

Kwanza nataka kujua kama mmekula mkashiba. Naona vichwa vinaitika. Mheshimiwa, wewe nilikuona na lile paja, ukajifanya unakataa, kisha ukalimaliza, na nikafurahi. Ninyi vijana wa Ait Usammer mlirudia kuskusi mara tatu. Hata waliokaa kule mwisho walifikiwa, maana nilipita mwenyewe na sinia. Wengine mmekuwa mkiulizana tangu jana, tena kwa sauti, "Tangu lini anayeagwa akachinja? Si baraza ndilo linalomchinjia?" Nimewasikia. Mzee Assou mwenyewe alikuja nyumbani kwangu akaniambia, "Addi, unatutia aibu, watu watasema koo tatu zimeshindwa kukununulia kondoo." Nikamwambia, "Nina ombi moja tu, chakula chote kitoke zizini kwangu." Akaondoka akitikisa kichwa. Sababu nitaisema, lakini nipeni subira, kwa kuwa nikiisema mapema nitashindwa kuyasema mengine.

Mnajua tulichokuja kukifanya. Tamlalt ilifungwa mwishoni mwa baridi, na tangu hapo hakuna kwato iliyoruhusiwa kuvuka ukuta ule. Leo kwenye ratiba imeandikwa kwamba nitasema neno moja, "Pamefunguliwa," kisha nitampa fimbo hii mlinzi mpya, Moha wa Ait Ufella, naye atawaongoza wachungaji kuingia. Neno hilo halisemwi na Mkuu wa Tarafa, halisemwi na mkuu wa baraza, husemwa na mlinzi peke yake. Ndiyo maana mmekaa kwenye ncha za makalio, na ndiyo maana wale vijana pale ukutani hawajakaa kabisa.

Nimesikia. Kijana mmoja amesema, "Kondoo hawali hotuba, Ami." Kweli kabisa, mwanangu. Kama wangekuwa wanakula hotuba, bonde hili lisingejua njaa, kwa jinsi tunavyopenda kusema. Lakini wewe ulikuwa bado mdogo siku niliyosema neno lile kabla ya wakati wake, na mama yako anaikumbuka, kwa hiyo muulize yeye kama hotuba yangu fupi ya siku ile ilikuwa na faida.

Niliyemkuta kazini, akanifundisha, alikuwa marehemu Mzee Ichu. Hakunipa kitabu wala kalenda. Alinipeleka kwenye nyasi, akachuma suke moja, akaniambia nikunjue kiganja. Akaligonga suke mara tatu. Punje zikadondoka, zikajaa kwenye mistari ya mkono wangu. "Umeona?" akaniuliza. "Nyasi zimeshamlipa aliyezipanda. Sasa mnyama anaweza kula." Nikamuuliza, "Na zisipoanguka?" Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyeuliza kwa nini tusimle kuku aliyelalia mayai. "Zisipoanguka, unafunga mdomo wako," akasema, "hata wakikutukania mama yako." Nami nilitukaniwa mama yangu mara nyingi, Mungu amrehemu, na matusi mengine yalitungwa vizuri hata nikayakumbuka.

Faini ya Tamlalt nayo mnaijua, ila wageni wetu huenda hawaijui. Anayeingiza mnyama kabla ya neno halipi fedha. Anawalisha watu wa koo tatu, kutoka zizini kwake, kwa mkono wake. Mtu wa kwanza niliyemtoza alikuwa Hddu wa Ait Ufella, baba yake Moha. Mwaka wangu wa pili nilimkuta na mbuzi kumi na wawili ndani ya ukuta, asubuhi kweupe. Sikumpenda siku ile, kwa sababu alicheka. Akaniambia, "Umechelewa, Addi, wameshashiba." Lakini siku ya faini, watu walipokaa na nyama ikaletwa, wote walikuwa wanamwonea haya, mikono ikabaki magotini. Hddu akasimama pale pale alipo Fakihi sasa, akasema, na maneno yake nitayarudia kama alivyoyasema: "Kuleni, jamani. Mnadhani mnanila mimi? Mnakula sheria. Kila aliyeonja faini hii ameapa kwamba mwaka huu hataingia kabla ya neno, na mimi nitakuwa namwangalia." Akamega tonge la kwanza, akala yeye. Tangu siku ile nilimheshimu yule bwana kuliko wengi ambao sikuwahi kuwakamata.

Sasa nije kwenye mwaka mbaya. Ni miaka kumi na mitano iliyopita. Sikukuu ya Kuchinja ilikuwa inakaribia, kila mtu alitaka kondoo dume wake anenepe, na kutoka mjini tulikuwa tumeletewa kalenda nzuri ya ukutani yenye picha ya ng'ombe mweupe, na tarehe ya kufungua malisho yote ya milimani imezungushiwa duara jekundu. Asubuhi ile nilichuma suke nikaligonga. Hakikuanguka kitu. Nikaligonga tena. Kisha nikainua macho nikawaona ninyi nyote mmekwishajipanga, mmevaa vizuri, ngoma zimekuja, na kila uso unaniambia neno moja. Nikalitupa suke. Nikasema, "Pamefunguliwa." Mlinibeba mabegani. Sijawahi kupendwa vile tena.

Madume walinenepa, sikatai. Mwaka uliofuata nyasi zilirudi nusu, na mahali pa zile ambazo hazikurudi tukaona miiba ya zambarau ambayo hata punda anaizunguka. Mwaka wa pili Bi Fadma alifungua mizinga yake akakuta nyuki wamehama, wameacha nta kavu. Kware tuliacha kuwasikia, na hakuna aliyegundua ni lini hasa, kwa kuwa mtu hasikii kile kisichokuwepo. Siagi ikawa nyeupe, haina harufu, tukala mkate wa shayiri na mafuta ya dukani. Halafu ikaja mvua moja, mvua ya saa mbili tu, ikateremka kwenye mlima ulio uchi, ikachukua udongo na mawe, ikayamwaga juu ya mashamba ya Lalla Itto na majirani zake wa Ait Umalu. Matuta waliyoyajenga babu zao yalikwisha mchana mmoja. Lalla Itto hakunilaumu. Alikuja mlangoni kwangu na konzi ya udongo, akaniambia, "Shika, huu ulikuwa wako kule juu," akaenda zake.

Ndipo baraza lilipokata shauri la kuifunga Tamlalt miaka mitano. Mitano, mabibi na mabwana. Wageni wetu wa ofisi ya kilimo wameandika kwenye karatasi zao kwamba jamii ilishirikiana kwa hiari, na nawashukuru kwa ukarimu huo, lakini mimi nilikuwepo. Watu waliuza nusu ya mifugo. Wengine walipeleka wana wao mjini wakabebe matofali. Mlikuwa mkiniita "mlinzi wa mawe," na mkinipita njiani mnaniuliza, "Mawe yamezaa, Ami?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa na mshahara wangu wa shayiri kutoka kila nyumba, kwa hiyo mlikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini tulijifunza. Tulijifunza kufuga wachache tukapata maziwa mengi. Tulianza kuwapeleka kondoo kwenye mabua ya shayiri iliyovunwa, wakala, wakatia mbolea, na shamba likatulipa mwaka uliofuata. Ait Umalu waliyajenga upya matuta, na kingoni mwake wakaacha ukanda wa maua ya porini ambao mkwe wangu aliuita uvivu, mpaka maharage yalipozaa kuliko ya mtu yeyote. Mwaka wa kwanza wa kufunga hakikuonekana kitu. Mwaka wa pili ilitoka ile miiba, ikatawala. Mwaka wa tatu klova, ule mmea wa majani matatu unaopendwa na kondoo, ilichungulia chini ya miiba. Mwaka wa nne Bi Fadma alikuja mbio, mwanamke wa umri ule, akasema, "Addi, wamerudi, wameingia kwenye mzinga wa zamani bila kuitwa." Siku ile nilisikia kware, nikakaa juu ya jiwe nikalia. Leo wasichana wa shule wamehesabu aina za mimea ndani ya ukuta, wakaacha kuhesabu kwa sababu daftari lilijaa. Siagi ile mliyoipaka kwenye mkate mchana huu ilikuwa ya njano. Je, kuna aliyemwaga rangi humo? Rangi ile ni ya Tamlalt.

Kwa nini nawakumbusha mnayoyajua? Kwa sababu ya hili. Limetoka ndani ya ukuta alfajiri ya leo. Mheshimiwa, samahani, naomba kiganja chako. Si hicho, hicho kina mafuta ya kondoo wangu. Ahsante. Wote mnaona: suke, la nyasi za bondeni, ambazo hukomaa mapema kuliko za juu. Nagonga moja. Mbili. Tatu. Mheshimiwa, waambie umepata nini.

Amesema, "Sina kitu." Nadhani mmemsikia.

Naam, pigeni kelele, nitangoja. Nimezoea.

Mmemaliza? Theluji ya mwisho mwaka huu ilianguka shayiri ikiwa imeshachipua, mnakumbuka, mkasema ni baraka, na kweli ilikuwa baraka. Lakini baraka ile iliziamsha nyasi kwa kuchelewa. Kwa hesabu yangu zinahitaji siku tisa. Nasikia, "Siku tisa tutawalisha nini?" Swali zuri, na nitalijibu. Shayiri yangu nimeivuna mapema, na mabua yake ni ya kondoo wa ukoo wowote kuanzia jioni hii. Nimezungumza na nyumba sita za upande wa jua, nao watafungua mashamba yao. Haitawashibisha kondoo wenu, itawashikilia tu. Mtakamua kidogo, watoto watalalamika, na wana-kondoo wa mwisho watakonda. Sitawadanganya kwamba haitauma.

Mtaniuliza: wewe, Addi, uliyefungua kabla ya wakati mbele ya ngoma, una haki gani ya kutuambia tungoje? Swali hilo nalo ni zuri. Tena lina mzizi mrefu zaidi ya mnavyoujua, na sasa nimefika mahali ambapo nimepakwepa miaka kumi.

Mnakifahamu kile kipara upande wa kaskazini, chini ya jiwe jekundu. Kila mahali pameota, pale hapajaota vizuri mpaka leo. Katika mwaka wa tatu wa kufunga, klova ndio kwanza imechungulia, kundi la kondoo liliingia pale kwa siku tisa, likala mpaka mizizi. Tulikuta alama za kwato na mavi, hatukumkuta mtu. Na mlimkuta mtu bila kumtafuta, sivyo? Mlisema, "Ni Moha. Baba yake alifanya, naye kafanya. Mwana wa nyoka ni nyoka." Moha alikwenda kwenye kaburi la walii akaapa kwa mkono juu ya jiwe kwamba si yeye. Mlimwangalia akiapa, kisha mkarudi majumbani mkasema, "Familia ile kuapa kwao ni kama kupiga chafya." Posa yake kwa binti wa Ait Usammer ilirudishwa wiki ile. Miaka kumi, kila akipita na kondoo wake, kuna mtu ananusa hewa na kusema, "Nasikia harufu ya klova."

Mwaka huu zamu ya ulinzi ni ya Ait Ufella, na kwa desturi yetu ukoo haujichagulii mlinzi, huchaguliwa na koo nyingine mbili. Mimi ndiye niliyelitaja jina la Moha. Mlishangaa. Mzee mmoja, simtaji, alisema, "Unampa fisi bucha." Nikasisitiza mpaka mkakubali kwa uchovu. Hamkujua kwa nini.

Binti yangu Tuda yuko pale, amesimama karibu na mlango wa zizi, na amekataa kukaa tangu nilipoanza kusema. Miaka kumi iliyopita alikuwa mjane wa miezi minne, mumewe alikufa katika ajali ya lori kwenye kona ya mto. Alikuja kwangu asubuhi, baridi haijaisha, nyasi kavu zimeisha.

"Baba, wamebaki arobaini," akaniambia. "Juzi walikuwa arobaini na watatu."

"Washushe bondeni."

"Bondeni hakuna hata jani la mti. Nimeshatoka huko."

"Tamlalt imefungwa, Tuda."

"Najua imefungwa. Si wewe uliyeifunga?"

Alikuwa hajaniomba kitu, na hilo ndilo lililonishinda. Kisha nikasema maneno haya, na tangu siku ile nimeyasikia kila ninapotaka kulala: "Ule ukuta wa kaskazini una mawe mabovu. Siku hizi sifiki kule." Basi. Sikumwambia aingie. Nilikuwa mlinzi mwerevu, nilivunja sheria bila kuigusa. Kwa siku tisa nililinda kusini.

Kwa hiyo mwizi wa klova ni mimi. Si Tuda, maana yeye alikuwa na njaa, na aliyepaswa kumwambia hapana nilikuwa mimi. Na si Moha. Moha, simama watu wakuone. Hutaki? Basi kaa, una haki. Ulipokuwa unaapa pale kwa walii, mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yako. Nilikusikia ukiapa, nikasema moyoni, atavumilia, ni kijana. Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila mwaka ulipopita ukweli ulizidi kuwa mzito kuubeba kuja hapa. Nikakutoza wewe faini ya kosa langu kwa miaka kumi, nawe hukuwa hata na kondoo ndani. Nakuomba radhi mbele ya koo tatu na mbele ya serikali. Sikuombi unijibu leo.

Mtasema, kwa nini sasa? Wiki tatu zilizopita mlinionyesha joho hili jipya la sufu mnalonizawadia, nikalijaribu nyumbani nikajiona mtu. Tuda akaniangalia tu, akauliza, "Utalivaa mbele ya Moha, Baba?" Nikalivua. Mzee Assou, joho lako hili hapa, nimelikunja. Halina doa. Mpe atakayelistahili, na usilete ubishi mbele ya wageni.

Na sasa ile sababu niliyowaahidi. Mzee Assou aliniuliza kwa nini nachinja mwenyewe siku ya kuagwa. Zizini kwangu walikuwepo majike kumi na mmoja, wote wazao wa wale arobaini wa Tuda. Wale walionusurika kwa klova ile ndio waliowazaa hawa. Sasa hayupo hata mmoja. Mmewala. Hamkula karamu ya kuniaga, ndugu zangu. Karamu ya namna hiyo sikuistahili, na baraza halikuwa na haki ya kunipa. Mlichokula mchana huu ni faini.

Naona mnayatazama masinia.

Ndiyo, Mzee Lhu, nimekusikia, umesema nimewatega. Nimewatega. Miaka kumi nilijificha nyuma ya desturi hii, na leo nimeona bora nijifunge nayo, hata kama kamba inawafikia na ninyi. Kama kuna anayeona hakula kihalali, aje nimlipe kwa kazi ya mikono yangu. Lakini wote mnaikumbuka kauli ya Hddu, maana mmewafundisha watoto wenu: aliyeonja faini ameapa kwamba hataingia kabla ya neno. Umekula, Mzee Lhu. Mmekula, Ait Usammer, mara tatu tatu. Mheshimiwa, nawe umekula, na usiogope, kiapo chetu hakivunji sheria ya serikali. Nami pia nilimega tonge la kwanza, kama alivyofanya yeye.

Na neno silisemi mimi. Ratiba inasema nitalisema, lakini aliyevunja sheria na kuilipia leo hawezi kufungua leo. Neno ni la mlinzi mpya.

Moha, njoo uchukue fimbo yako. Njoo taratibu, usiwaangalie hao, niangalie mimi, au angalia chini, vyovyote. Hii fimbo. Na hili suke, lile lile lililogongwa kwenye mkono wa Mheshimiwa. Ukitaka, geuka uwaambie pamefunguliwa. Kondoo wako mwenyewe wamekonda, niliwaona asubuhi, na baada ya yote niliyokufanyia sina mdomo wa kukuzuia. Hakuna atakayekuita mwizi tena, hilo nimelimaliza. Au kunjua kiganja chako, uligonge mwenyewe, kisha useme unachokiona. Nilipewa nafasi hiyo mara moja nikiwa na macho mazima, nikalitupa suke.

Umelishika. Unaligonga. Moja. Mbili. Tatu.

Ameangalia kiganja chake. Amelitia suke mfukoni, na fimbo ameilaza juu ya ukuta, kuelekea nje. Kwa wageni wetu: fimbo ikilala hivyo, malisho yamefungwa. Wachungaji, geuzeni mifugo. Mabua yangu yako chini ya msikiti, mlango uko wazi.

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Mzee Assou, Fakihi, akina mama, vijana, na wewe Moha mwana wa Hddu, mlinzi wa Tamlalt: nashukuru kwa miaka kumi na tisa mliyonitukana na kuniamini. Nashukuru kwamba mmenisikiliza mpaka mwisho mkiwa na njaa ya kondoo wenu vifuani. Na zaidi ya yote, nawashukuru kwa kuwa mmekula.